Ramani katika Somo la Historia: Jina, Mshale na Mstari

Lizaboni ni kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Katika atlasi za shule jina lake halimo, wala si ajabu. Katika ramani ya Tanzania yenye skeli ya 1:5,000,000, sentimita moja ni kilometa 50, na mji mzima wa Songea ni nukta tu. Hata hivyo tumeichagua Lizaboni iwe kituo chetu katika makala haya, kwa sababu mwanafunzi anayesoma huko amezungukwa na historia ambayo ramani zimeisimulia kwa namna nyingi, na si zote zinazostahili kuaminiwa kwa kiasi kimoja. Mji wake umepewa jina la mtu, nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mto ulioupa mkoa wake jina huanzia katika milima ya Matogoro, jirani na mji huo, kisha huenda kuwa mpaka wa nchi mbili. Upande wa magharibi mkoa huo unakoma katika Ziwa Nyasa, ambalo mpaka wake umekuwa na mabishano tangu mwaka 1967.

Nia yetu ni kuonyesha kwamba kuiandika ramani ya historia kwa Kiswahili si kazi ya kubadili maneno pekee. Kila jina linaloandikwa juu ya ramani, kila mshale na kila mstari, ni dai la kihistoria. Mfasiri asiyelitambua dai hilo atalipitisha bila kujua, na mwalimu atalifundisha kama kwamba ni umbo la nchi lenyewe.

Haja ya kulizungumza jambo hili ni ya sasa. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi tangu mwaka 1967, lakini katika sekondari historia ilifundishwa kwa Kiingereza, na ramani zake zilikuwa za Kiingereza. Mtaala ulioboreshwa mwaka 2023 umeleta katika sekondari somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ramani zilizokuwa zikinakiliwa jinsi zilivyo sasa hazina budi kuandikwa upya. Ikiwa hatutatafakari istilahi zake mapema, makosa ya zamani yatavaa kanzu mpya.

Ramani ya kale na ramani ya historia

Neno ramani lenyewe limetoka baharini. Manahodha wa Bahari ya Hindi waliita rahmani kile kitabu cha njia kilichokuwa na habari za bandari, nyota, pepo na vina vya maji, na asili ya neno ni Kiajemi, kwa maana ya kitabu kionyeshacho njia. Yaani ramani ilikuwa maelezo kabla haijawa picha. Ilisomwa, na msomaji alijua kwamba mwandishi wake ni mtu aliyepita mahali fulani kwa wakati fulani. Maana hiyo ya kwanza inafaa irudishwe darasani.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo aghalabu huitwa kwa jina moja, yaani ramani ya kihistoria. Kuna ramani iliyochorwa zamani, ambayo kwetu leo ni hati kama barua au taarifa ya bwana shauri. Kuna pia ramani inayochorwa leo na mwanahistoria ili aeleze mambo ya zamani. Ya kwanza ni ushahidi. Ya pili ni hoja. Tunapendekeza ya kwanza iitwe ramani ya kale, na ya pili iitwe ramani ya historia. Mwanafunzi akiyajua majina haya mawili, atajua pia maswali mawili yaliyo tofauti. Kwa ramani ya kale atauliza: nani aliichora, aliambiwa na nani, naye alitaka nini? Kwa ramani ya historia atauliza: mchoraji ameegemea ushahidi gani?

Mfano mzuri wa ramani ya kale ni ile ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856. Ilionyesha katikati ya Afrika Mashariki bahari moja kubwa ya ndani, yenye umbo la konokono mnene. Wengi waliicheka baadaye, lakini haikuwa ndoto tupu. Wamisionari hao walikuwa wamewauliza wafanyabiashara wa misafara ya pwani. Waliotoka Kilwa walisema kwamba njia yao huishia kwenye maji makuu. Waliopita Unyamwezi walisema vivyo hivyo. Na waliosafiri kaskazini kadhalika. Kila mmoja alisema kweli. Kosa lilikuwa la kuyaunganisha maji matatu kuwa mamoja, na lugha ilichangia, kwa kuwa nyasa, nyanja na nyanza ni maneno ndugu, na yote maana yake ni maji makubwa au ziwa. Jina la jumla lilidhaniwa kuwa jina la mahali pamoja. Kwa hiyo ndani ya ramani hiyo mna mambo mawili: ujuzi wa Waswahili na wenzao kuhusu njia za bara, na kosa la kufasiri. Hata sasa tusemapo Ziwa Nyasa twasema, kwa kweli, ziwa ziwa.

Ramani za Wajerumani nazo zina somo lake. Ile kubwa ya koloni lao, yenye skeli ya 1:300,000, ilianzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Ni hazina kwa mtafiti, maana inaonyesha njia, vijiji na majina ya watawala wa wakati ule. Lakini asiyejua tahajia yake atapotea. Sauti ya s aliyoizoea Mswahili iliandikwa kwa ss, hata Kilosa ikawa Kilossa na Songea ikawa Ssongea. Bagamoyo iliandikwa Bagamojo, na Ruvuma ikawa Rovuma. Tena kuna majina yaliyobandikwa juu ya yale ya wenyeji: Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, iliitwa Sphinxhafen; Manda iliitwa Wiedhafen; Tukuyu ilikuwa Neu-Langenburg. Mtumishi wa masjala anayetafuta habari za Liuli katika hati za kabla ya vita vya 1914 hataipata kwa jina hilo, na huenda akaamini kwamba hakuna kilichoandikwa.

Jina: Ungoni, Wangoni, Kingoni

Tuje sasa kwenye ramani ya historia. Katika ramani nyingi za vitabu vya Kiingereza, eneo la Songea limeandikwa neno moja kwa herufi kubwa: NGONI. Mfasiri aliye na haraka ataliacha hivyo hivyo, akidhani kwamba majina hayafasiriwi. Hapo ndipo Kiswahili kinapomdai jibu ambalo Kiingereza hakikumdai. Je, ni Ungoni, yaani nchi? Ni Wangoni, yaani watu? Au ni Kingoni, yaani lugha?

Hizi ni ramani tatu, wala hazilingani. Ramani ya Ungoni ingeonyesha dola mbili za karne ya 19: Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Ramani ya Wangoni ni ngumu zaidi, kwa kuwa waliofika kutoka kusini walikuwa wachache kati ya wengi, na wengi wa wale walioitwa Wangoni baadaye walikuwa Wandendeule, Wamatengo, Wanindi, Wapangwa na wengineo waliotekwa, waliotiishwa au waliojiunga. Ramani ya Kingoni ndiyo ya kushangaza kuliko zote. Kingoni cha Songea si tawi la Kizulu. Ni lugha iliyo ndugu ya Kimatengo na Kindendeule, lugha za mahali pale pale. Kutoka kusini yamebaki maneno, hasa ya vyeo, kama vile nduna. Maana yake ni kwamba waliotawala walileta vyeo, nao waliotawaliwa wakawapa lugha. Habari hii yote imefichwa na neno moja lisilo na kiambishi.

Kwa hiyo viambishi vya U-, Wa- na Ki- si pambo la sarufi. Ni chombo cha utafiti. Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: katika ramani ya historia iliyoandikwa kwa Kiswahili, jina la kabila lisiandikwe pasipo kiambishi chake. Mchoraji ataamua anachokionyesha kabla ya kuandika, na akishindwa kuamua, atakuwa amegundua kwamba ushahidi wake hautoshi.

Mshale: safari ya nani?

Alama ya pili ni mshale. Msomaji bila shaka ameona ule unaotoka Afrika ya Kusini, ukivuka mto Zambezi na kuishia Songea, chini yake pameandikwa maneno kama kuhama kwa Wangoni. Mwanafunzi akiutazama huona jeshi moja linaloondoka asubuhi na kufika jioni.

Ukweli ni mwingine. Kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi mwaka 1835, likapita magharibi ya Ziwa Nyasa hadi Ufipa, ambako kiongozi huyo alifariki katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake waligawanyika, na baadhi yao walizunguka hadi mashariki ya ziwa. Huko walilikuta kundi jingine la Wangoni, Wamaseko, lililokuwa limetangulia kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1860 Wamaseko walishindwa wakarudi kusini, hata wakafika nchi ambayo leo ni Malawi. Kwa hiyo mshale wa kweli una vituo, una matawi, na mmoja wake umegeuka ukarudi. Vilevile muda uliopita kati ya Zambezi na Ungoni unatosha mtoto kuzaliwa, kukua na kuwa baba. Wengi wa waliofika hawakuwa wale walioondoka.

Basi mshale usikatazwe, bali upewe adabu. Kila mshale uwe na mwaka mwanzoni na mwaka mwishoni, hata kama ni wa kukadiria. Na kama mwendo ulichukua zaidi ya kizazi kimoja, mshale ukatwe vipande, kila kipande na muda wake. Kwa upande wa istilahi, kuhama litumike kwa watu walioondoka pamoja na kaya zao kwenda kukaa kwingine. Kwa jambo, desturi au habari iliyopita mkononi mwa watu mbalimbali, neno kuenea linafaa zaidi.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika vita vya Maji Maji. Vita vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905, na Wangoni waliingia mwezi Septemba mwaka huo huo. Mshale kutoka Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, hadi Songea hauonyeshi watu waliohama. Ni habari na dawa iliyoenea kwa wajumbe waliojulikana kama hongo. Na hapa mwalimu aangalie: katika Kiswahili cha siku zote hongo ni malipo ya kupitishwa au rushwa. Ikiwa ufunguo wa ramani hautaeleza, mwanafunzi atadhani kwamba vita vilienezwa kwa fedha.

Mstari na rangi

Alama ya tatu ndiyo yenye hatari kubwa, nayo ni mstari. Kwa Kiswahili twauita mpaka, na neno hilo tumelibebesha mizigo miwili. Twalitumia kwa mstari uliokubaliwa na dola mbili na kuandikwa katika mkataba. Na twalitumia pia kwa mahali ambapo nguvu ya mtawala ilikuwa ikipungua polepole hata ikaisha. Njelu na Mshope hazikuwa na mstari. Palikuwa na vijiji vilivyokuwa chini ya manduna, kisha palikuwa na watu waliotoa kodi mwaka huu na mwaka ujao wakakataa, halafu palikuwa na nchi iliyovamiwa tu. Kuizungushia dola hiyo mstari mweusi ni kuipa umbo ambalo haikuwa nalo.

Tunapendekeza mpaka ubaki kwa mstari uliokubaliwa, na kule kwingine kuitwe ukingo. Ukingo wa mto una upana, na maji yakijaa huusogeza, yakipungua huuacha. Ndivyo zilivyokuwa nguvu za dola nyingi za bara kabla ya ukoloni. Katika uchoraji, mpaka uchorwe kwa mstari, na ukingo uonyeshwe kwa rangi inayofifia.

Mpaka wa kweli ulikuja na mikataba. Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kuufuata mto Ruvuma kwa sehemu kubwa, kisha kukata mstari kwenda magharibi hadi ziwani. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilipatana juu ya maeneo yao, na mkataba ule uliupitisha mpaka katika ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Waliokuwa wakivua na kuvuka ziwa hilo hawakuulizwa. Baadaye, wakati wa utawala wa Waingereza, ramani zilizotolewa hazikupatana: nyingine ziliufuata ufuo, nyingine zilipitisha mstari katikati ya maji. Tangu mwaka 1967 ramani hizo zimetajwa katika mabishano ya Tanzania na Malawi. Tanzania inasema mpaka upo katikati ya ziwa; Malawi inashikilia ufuo.

Hatuandiki haya ili tuamue shauri lililo mikononi mwa serikali. Tunataka mwalimu aone kwamba hapa mstari wa ramani si wino tu. Katika skeli ya 1:5,000,000, mstari wenye unene wa milimita moja unafunika kilometa 5 za nchi. Mvuvi wa Liuli anaweza kushinda kutwa nzima ndani ya unene huo. Mwanafunzi akizoea kuuliza mstari umetoka mkataba gani na umechorwa mwaka gani, atakuwa raia anayeweza kulifuata shauri kama hilo kwa akili yake mwenyewe.

Rangi nayo isitumiwe kwa pupa. Ramani ya Maji Maji kwa kawaida hupaka rangi moja kutoka pwani ya kusini hadi karibu na Ziwa Nyasa. Rangi hiyo inasema watu wote waliungana kwa wakati mmoja. Umoja ulikuwapo, na ulikuwa jambo jipya na kubwa. Lakini ndani ya eneo hilo walikuwamo pia waliokaa kando na waliowasaidia Wajerumani, kama Kiwanga wa Wabena wa Ulanga. Tena rangi hukoma vita vinapokoma, hali njaa haikukoma. Katika Ungoni, majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na akiba za vyakula, na wengi waliokufa waliuawa na njaa. Ramani ya mapigano peke yake huificha sehemu kubwa ya vifo. Kwa hiyo tungependa darasa lichore ramani mbili, ya mapigano na ya njaa, na kuzilinganisha.

Darasani Lizaboni

Yote haya yanaweza kufanyika bila vifaa vya gharama. Tuchukue mwalimu wa Lizaboni mwenye ubao, chaki na karatasi. Kwanza awaambie wanafunzi wachore ramani ya mchoro ya mtaa wao, yenye mambo matano yanayodaiwa na kila ramani: jina, fremu, dira, ufunguo na skeli. Hapa tuseme neno juu ya skeli, kwa kuwa vitabu vingine husema kipimio na vingine kipimo. Kipimo kina kazi nyingine nyingi. Tungependa skeli litumike kwa uwiano wa ramani na nchi, na kipimo kibaki kwa tendo la kupima na matokeo yake.

Pili, wanafunzi waandike majina ya kata za jirani na kuuliza asili yake. Bombambili na Majengo yanaeleweka kwa sikio. Lizaboni yenyewe humkumbusha mtu mara moja Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Hapo mwalimu ana nafasi ya kufundisha kanuni muhimu: mlio unaofanana ni sababu ya kuuliza, si jibu. Wanafunzi waende kwa wazee, waandike kila maelezo pamoja na umri wa msemaji na alipoyasikia, na wasilichague lililo tamu zaidi.

Tatu, walete ramani mbili za mahali pamoja kutoka nyakati mbili. Mfano ulio karibu ni wilaya zao. Wilaya ya Songea inayotajwa katika taarifa za ukoloni ilikuwa na nchi ambayo leo ni Mbinga, Namtumbo na Nyasa. Na Nyasa ilitengwa na Mbinga mwaka 2012. Mtu anayelinganisha idadi ya watu wa Songea ya zamani na ya leo bila kulijua hilo analinganisha vitu viwili vyenye jina moja. Jambo hili lawahusu watumishi wa serikali sawasawa na wanafunzi.

Nne, waende kwenye Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, lilipo kaburi la mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, miongoni mwao Mputa Gama, mtawala wa Njelu. Hapo watarudi na karatasi zao na kupaweka mahali hapo katika ramani ya mtaa, yenye skeli kubwa, ambako panaonekana. Katika atlasi hapaonekani kabisa.

Hitimisho

Tumependekeza mambo haya: kutofautisha ramani ya kale na ramani ya historia, kutoliandika jina la kabila bila kiambishi, kuweka miaka kwenye mishale, na kutenganisha kuhama na kuenea, kuuacha mpaka kwa mistari ya mikataba na kutumia ukingo kwa nguvu zinazofifia, na kuandika katika kila ufunguo chanzo na mwaka wa habari. Tunaongeza la mwisho: iandaliwe orodha moja ya majina ya mahali, jina la leo likikabiliana na tahajia za Kijerumani, Kireno na Kiingereza, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa masjala watumie kitu kimoja.

Huenda wenzetu wakaona maneno mengine yanafaa kuliko ukingo au kuliko skeli, nasi tutayapokea kwa furaha wakituandikia. Lakini jambo lenyewe tusiliahirishe. Vitabu vinaandikwa sasa, na mwanafunzi wa Lizaboni anayefungua ukurasa na kukuta NGONI imeandikwa juu ya nchi ya babu zake anayo haki ya kuuliza: ni nchi, ni watu, au ni lugha? Na mwalimu wake anayo haki ya kuwa na jibu.